Ndoa Iliyoandikwa Bila Betri

Siku ya ndoa yangu niliendesha gari mwenyewe, gauni limenijaa mpaka kwenye gia, na mjomba kando yangu akinifungia breki. Gari lenyewe ni la shule yangu ya udereva. Lina breki ya pili upande wa abiria, ile ambayo mwalimu huikanyaga mwanafunzi akitaka kutuua. Mjomba aliikanyaga kila alipoona mtu anavuka barabara, hata yule aliyekuwa ameshavuka na kwenda zake.

"Mjomba, toa mguu hapo."

"Mguu wangu unajiamulia wenyewe, mwanangu. Hii ni safari ya tatu naletwa kushuhudia ndoa. Mara mbili nimerudi kwangu na suti kwenye mfuko."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyokuwa ikinichoma. Mjomba ndiye aliyenilea, ndiye shahidi wangu, na jana yake alikuwa ametangaza mbele ya shangazi zangu wote kwamba safari hii ndoa isipofungwa ananirudisha nyumbani kwake, huyo bwana atafute mwingine wa kumchezea. Niliendelea kupiga pasi gauni langu. Shangazi zangu wakadhani nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimekubaliana naye.

Mchumba wangu ni fundi wa zile mashine zinazohifadhi kumbukumbu za maofisi makubwa. Ni mpole, ni mcheshi, anaweza kunivunja mbavu katikati ya foleni, na akiwa na mimi simu yake huwa mfukoni. Nampenda, sitaki kuzunguka. Ugonjwa wake ni neno moja: tayari. Mwombe kitu chochote, atasema tayari hata kabla hujafunga mdomo. Mara ya kwanza tulipotaka kuoana, ukumbi ulikuwa tayari; tukafika tukakuta mkutano wa wafuga nyuki, tukakaribishwa tuchangie mada. Mara ya pili pete zilikuwa tayari, na zilipohitajika akajipapasa mifuko yote mpaka ya mjomba. Sidhani kama alinidanganya. Jambo likishaingia kichwani mwake analiona limekwisha, analiacha humo humo, na jambo jingine likija linalisukuma nje.

Safari hii, alfajiri, alinitumia ujumbe: "Kila kitu tayari. Ukumbi, chakula cha wageni, vyote. Nimeitwa kazini kidogo, ni jengo hilo hilo la msajili wa ndoa, betri moja tu. Robo saa. Utanikuta mlangoni."

Sikumkuta mlangoni. Nilichokipata pale ni ujumbe wa mwanafunzi wangu wa Jumamosi, akiuliza kama somo lijalo tunaweza kurudia tena makutano ya barabara. Huyo bwana ni mtihani wangu. Ni mtu mzima, mnene, mwenye adabu zake, na nimemfundisha miaka miwili bila kumfikisha popote. Taa nyekundu anasimama. Ya njano anasimama. Ya kijani pia anasimama kwanza, aone kama imekusudia. Kazi yake sikuwahi kumuuliza. Ndani ya gari langu wote ni wanafunzi. Nikaizima simu nikaingia ndani.

Ukumbi wa wasajili hauna dirisha hata moja la kutazama nje, na asubuhi ile ulikuwa umefurika. Ndiko wanakoandikwa wanaozaliwa, wanaooana na wanaokufa, na wote hupangwa foleni moja. Msajili, mama mwenye miwani ya kamba, alituona mimi na gauni langu tunapita kwa shida kati ya viti, akatikisa kichwa kabla hatujafika dirishani kwake.

"Leo hakuna ndoa, binti yangu."

"Nina miadi, mama."

"Kila mtu ana miadi. Leo hakuna chochote. Mkurugenzi wa kumbukumbu amekataza tusiandike hata herufi moja mpaka taa ya mashine iwe ya kijani. Huyo kaka hapo ana mtoto mikononi, lakini kwetu hajazaliwa. Na huyu mzee amekuja kuthibitisha kwamba hajafa. Nimemwomba arudi kesho, kama atakuwa bado hai."

"Nimemwambia siwezi kuahidi," mzee akasema.

"Na hiyo mashine nani anaitengeneza?" nikauliza, ingawa moyo wangu ulikuwa umeshajibu.

"Kuna fundi huko chini tangu alfajiri. Kijana mrefu. Amevaa suti nzuri sana kwa kazi ile."

Mjomba akatoa pumzi ndefu puani. Nikakusanya gauni mikono miwili, nikateremka ngazi, mjomba nyuma yangu.

Kwenye mlango wa chumba cha mashine kulikuwa na mlinzi, akasema wageni hawaruhusiwi. Nikamuuliza ni mgeni gani amewahi kuja hapa na gauni kama hili. Alifikiri, akaona swali langu halina jibu katika masharti yake, akafungua.

Chumba kilikuwa kinanguruma kama jiko la gesi. Kabati refu la chuma lilisimama katikati, na kwenye uso wake kulikuwa na kitaa kimoja cha njano, kidogo kuliko punje ya mahindi. Mbele ya kitaa hicho kulikuwa na kiti, na kwenye kiti amekaa mtu mnene mwenye koti zito, ametugeuzia mgongo, mikono amekunja, anakikodolea macho. Sakafuni zilipangwa betri, kila moja ukubwa wa mkate, nyingi kuliko nilivyotegemea kwa kazi ya betri moja. Mchumba wangu alikuwa amepiga magoti juu ya gazeti ili asichafue suruali. Aliponiona uso wake uliwaka, halafu akakumbuka siku, uso ukazimika.

"Robo saa," nikamwambia.

"Mpenzi, nisikilize," akanong'ona. "Betri ya zamani ilikufa kweli. Tazama, imevimba. Hewa ya kiyoyozi haiifikii, huyu bwana ameziba tundu kwa boksi maana upepo wake unapenya mpaka ofisini kwake, anapata mafua. Nimelitoa, amelirudisha. Lakini nimeitoa iliyokufa, nimeweka mpya. Mpya huja na chaji kidogo, mashine inaijaza saa tatu, hata nne, na muda wote huo taa ni ya njano. Siyo ugonjwa. Inashiba tu. Yeye anaangalia taa, anasema nimemwekea mbovu, toa, weka nyingine. Nyingine nayo inaanza moja."

"Hiyo ni ya ngapi?"

"Ya sita."

"Na wewe unatoa tu."

"Lazima asaini kazi ndiyo nitoke. Na kadi ya mlango anayo shingoni."

Mjomba, ambaye hapendi kupitwa na jambo, aliinama akaitazama ile iliyovimba. "Hebu niambie, kijana. Hii betri inaifanyia nini mashine kubwa namna hii? Si ina umeme?"

Mchumba wangu akachangamka. Muulize kuhusu mashine, hata nyumba ikiungua atakujibu vizuri. "Mjomba, ndani humu kuna kumbukumbu ya haraka, na kuna diski, ambayo haisahau. Fikiria mhudumu wa mgahawa. Unaagiza, anakwambia tayari, anabeba agizo lako kichwani mpaka apate nafasi ya kwenda jikoni. Umeme ukikatika kabla hajafika jikoni, anasahau yote. Betri inamshikia kichwa chake mpaka umeme urudi."

"Na betri ikifa?"

"Basi mashine inaacha kumwamini mhudumu. Inamwambia, kila agizo lipeleke jikoni kwanza, chakula kifike mezani, ndipo useme tayari. Kazi inakwenda polepole sana, lakini hakuna kinachopotea."

Mjomba alimtazama, akanitazama mimi, akarudi kumtazama yeye. Mimi nilikuwa nimefika huko zamani.

"Ngoja," nikasema. "Ina maana hata sasa hivi inaweza kuandika?"

"Inaweza. Polepole."

"Tangu alfajiri ilikuwa inaweza? Yule mtoto juu angekuwa ameshazaliwa?"

"Angekuwa."

"Umemwambia huyu bwana?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia vipi? Niambie maneno uliyotumia."

Alitazama betri zake. Akaisogeza moja ikae sawa na nyingine. "Kila nikimaliza kuweka," akasema, "nilimwambia... nilimwambia tayari."

Nilitamani kumvua ile suti pale pale. Alikuwa amemwambia mtu tayari, mtu akaangalia taa, taa ikasema bado, mtu akaamua betri ni mbovu. Mara sita. Nilisimama ghorofa moja chini ya ndoa yangu, nimefungiwa nje na neno lile lile lililonipeleka kwa wafuga nyuki. Machozi yalinijia, ya hasira hasa, na nikayaacha yatoke kwa sababu wanja ulikuwa umeshaharibika na jasho.

"Fundi," akasema yule bwana wa kwenye kiti bila kugeuka. "Bado njano. Lete ya saba."

Sauti ile naijua. Nimeisikia Jumamosi miaka miwili ikiniuliza kama ni salama kuwasha gari.

"Mwanafunzi," nikasema.

Aligeuka. Akasimama wima, akafuta mikono kwenye koti. "Mwalimu! Somo si Jumamosi?"

"Kaa."

Akakaa.

"Funga mkanda."

Nakuapia mkono wake ulikwenda begani, ukapapasa hewa, ukashuka mpaka kiunoni, na akaonekana ametulia zaidi kuliko mwanzo. Mjomba alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu, maana leo zamu ya breki ilikuwa yangu.

"Vioo," nikasema.

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Taa mbele yako ni ya rangi gani?"

"Njano, Mwalimu."

"Njano maana yake nini?"

"Simama."

"Nilikufundisha hivyo?"

Akashika usukani usiokuwepo. "Ulisema nipunguze mwendo. Niangalie. Na kama nimeshaingia kwenye makutano, nisisimame katikati, niendelee mpaka nitoke."

"Huko juu kuna watu wamejaa katikati ya makutano, mwanafunzi. Mmoja ana mtoto, mwingine ana umri ambao haupaswi kuwekwa foleni. Mimi nina gauni. Taa hii haikwambii kwamba kitu kimekufa. Inakwambia twende polepole. Fundi!"

Mchumba wangu alishtuka.

"Mwambie. Na ole wako uliseme lile neno."

Alisimama, akavuta gazeti lililogandia gotini. "Mkurugenzi," akasema, "betri bado. Itakuwa bado mpaka mchana upite. Lakini mashine inajua kwamba bado, ndiyo maana haitabeba kitu kichwani. Kila mtakachoandika kitakwenda moja kwa moja kwenye diski. Kitachukua muda. Usiitoe hii, na boksi liondoke kwenye tundu."

Ajabu ni kwamba yule bwana alilegea mabega. Nadhani tangu alfajiri alikuwa anasubiri mtu wa kumwambia bado. Akachukua simu ya mezani, akampigia msajili. "Andikeni," akasema. Akanitazama.

"Gia ya kwanza," nikamwambia.

"Gia ya kwanza," akamwambia msajili, akakata simu. Akamsainia fundi karatasi yake, akatufungulia mlango kwa kadi, akasema yeye atabaki kuiangalia taa. Tukamwachia taa yake, na mchumba wangu akamwomba, kwa upole, asiguse chochote.

Juu, msajili alikuwa ameshavaa miwani. Ilibidi iamuliwe nani aanze, na foleni ikageuka bunge, mpaka mzee wa kuthibitisha uhai alipoinua mkono. "Waanze hawa," akasema. "Mimi kazi yangu ni kuendelea kuwa hai, naweza kuifanya nimekaa."

Tukafungishwa ndoa mbele ya watu waliokuja kwa shughuli zao. Pete, safari hii, alikuwa nazo mjomba. Niliulizwa, nikajibu. Akaulizwa, akajibu bila kulitumia lile neno, na mimi nikasahau kwa muda kwamba nilikuwa nimemkasirikia. Mjomba alisaini akitoa ulimi nje. Msajili akaingiza majina yetu, akasoma mara mbili, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na kwenye kioo cha kompyuta yake kikatokea kiduara kikaanza kuzunguka.

Kikazunguka. Msajili alikigeuza kioo tuone wote. Watu wakasogea. Mtoto asiyezaliwa akapiga chafya.

"Tayari," akasema mchumba wangu, kwa mazoea tu, maskini.

"Bado!" ukumbi mzima ukamjibu.

Kikazunguka tena. Sijawahi kuona kitu kinazunguka polepole hivyo na bado kikahesabika kuwa kinakwenda. Halafu kikasimama, pakaandikwa neno moja, *Imehifadhiwa*, na kabla sijalimaliza kulisoma taa zote zikazimika. Kioo, feni, balbu, vyote. Giza tupu.

Nilijua ni nani. Baadaye mkurugenzi alieleza mwenyewe: tulipoanza kuandika, vitaa vya diski vilianza kumetameta vyote pamoja, yeye tangu alfajiri alikuwa amezoea kimoja kilichotulia, akashtuka, akafunga breki. Breki ya chumba kile ni kitufe chekundu ukutani, cha dharura, kinachozima jengo lote.

Gizani mtoto alianza kulia. Kisha sauti ya mjomba ikaja, taratibu, karibu na sikio langu.

"Mwanangu, umeolewa au hujaolewa?"

Nikakusanya gauni mikono miwili. Ningerudi na mjomba, suti kwenye mfuko, na shangazi wangenipokea kwa huruma ambayo ni mbaya kuliko kucheka. Kando yangu nikamsikia mchumba wangu akivuta pumzi. Naijua pumzi ile. Ndiyo huja kabla ya neno. Nikajiandaa kulisikia na kuachana naye.

"Sijui," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Sijui," akarudia. "Inapaswa kuwa ipo. Lakini sijaiona. Nakwenda kuiwasha mashine, nirudi niangalie kwa macho yangu."

Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi, vikijikwaa, vikiendelea. Miaka yote niliyokuwa naye, "sijui" ndilo neno tamu kuliko yote aliyowahi kuniambia, na aliniambia gizani na kukimbia.

Umeme ulirudi. Mashine ilichukua muda wake kuamka. Mzee alithibitisha uhai wake mara kadhaa bila kuulizwa. Mchumba wangu alipanda ngazi na vumbi magotini, gazeti lilikuwa limebaki chini. Hakuja kwangu. Alipita upande wa ndani wa dirisha, akainama kwenye kioo cha msajili, akamwomba ayatafute majina yetu. Kiduara kilizunguka. Orodha ya siku ile ilipofunguka ilikuwa na mstari mmoja tu. Akaufuata kwa kidole, jina langu, jina lake, la mjomba, mpaka mwisho, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Imo," akaniambia kupitia tundu la dirisha. "Nimeiona."

Mjomba alilia kwa sauti, na sina haja ya kumtetea. Watu wakapiga makofi, halafu wakakumbuka foleni yao. Mtoto akazaliwa, mzee akawa hai, mmoja baada ya mwingine, polepole, kila mmoja akisubiriwa na wote. Nasikia taa ya betri iliwaka kijani jioni ile bila mtu yeyote kuiangalia, kwa sababu mkurugenzi alikuwa amepanda juu kuomba radhi na akabaki kushangilia kiduara pamoja na wengine.

Kuondoka, mjomba alikaa nyuma kwa hiari yake. Mume wangu alikaa mbele, upande wa breki, miguu akaikunja chini ya kiti bila kuambiwa. Nikatoa gari. Tulipokaribia makutano ya kwanza nikakumbuka ujumbe wa alfajiri.

"Chakula cha wageni," nikasema. "Umeagiza?"

Nikaisikia ile pumzi. Ikaingia, ikakaa, ikatoka bila kitu.

"Hapana," akasema. "Simama pale mbele, nishuke nikaagize."

Nikaegesha. Akashuka na suti yake ya vumbi, akaingia mgahawani, na kupitia kioo nikamwona anamfuata mhudumu mpaka jikoni. Nikazima injini, nikamsubiri.